Balbu janja zinapotea hewani, spika haijibu: nibaki na Wi-Fi, nihamie Zigbee au niweke swichi janja?

Mwanga_wa_Jioni
Wakuu, habari zenu. Nyumba nzima nina balbu janja za Wi-Fi, tunaziongoza kwa spika ya sauti. Mchana hakuna shida. Jioni kila mtu akisharudi na simu yake, balbu mbili tatu zinaandika "haipo hewani" kwenye apu, na spika inasema kifaa hakijibu. Mama naishi naye na magoti yanamsumbua, kwa hiyo taa ya korido kwake ni usalama kabisa. Kuna njia tatu kichwani: ruta yenye nguvu zaidi nibaki na Wi-Fi, au Zigbee (mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani) na habu yake (kisanduku kinachoviongoza), au balbu za kawaida na swichi janja ukutani. Waliopita huku naombeni mawazo.

FundiSaketi
Mkuu, kabla hujatoa hela tafuta amri inakwama wapi. Taa ikigoma, achana na spika kwanza. Fungua apu ya balbu yenyewe uiwashe hapo. Ikiwaka, balbu iko salama na shida iko upande wa spika, au pale akaunti ya spika inapoungana na akaunti ya balbu. Ikigoma, ingia kwenye ukurasa wa ruta uangalie orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Kama balbu haimo, imepoteza Wi-Fi. Kama imo na bado haijibu, angalia intaneti au seva za mtengenezaji.

Kipimo kingine: chomoa waya unaoleta intaneti, uache ruta iendelee kurusha Wi-Fi, ujaribu tena apu. Balbu nyingi za Wi-Fi hupeleka amri hadi seva za kampuni na kuirudisha, hata kama wewe na taa mko chumba kimoja. Zikigoma hapo ujue ruta mpya haitakuondolea utegemezi huo.

DadaNyaya
Naongezea kwenye Wi-Fi, maana watu wanaihukumu haraka. Balbu nyingi zinatumia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ruta ikiunganisha 2.4 na 5 GHz chini ya jina moja, kuna balbu zinazohangaika kujiunga. Zitenganishe, balbu ziwe na jina lao. Usalama (ulinzi wa nenosiri la Wi-Fi) weka WPA2, kwa sababu balbu za zamani hazijui WPA3. Halafu ondoa uchaguzi wa chaneli (njia ndani ya masafa hayo) wa "otomatiki": hewa ikijaa, ruta inaweza kuhama chaneli, simu zikafuata mara moja huku balbu dhaifu zikibaki nyuma. Chagua 1, 6 au 11, upana MHz 20. Hiyo yako ya jioni inanukia hapo.

Mlezi_wa_Habu
Mimi ni mtu wa Zigbee. Balbu hazipandi kwenye Wi-Fi kabisa, zinaongea na habu, na vifaa vingi vyenye umeme wa ukutani vinapitishiana ujumbe. Habu nzuri inawasha taa hata intaneti ikikatika.

Ila msidanganyike kwamba imekwepa msongamano. Nayo inatumia 2.4 GHz. Chaneli zake ni 11 hadi 26, na namba hizo hazilingani na zile za Wi-Fi. Wi-Fi ikiwa kwenye 1, weka Zigbee 20 au 25. Wi-Fi ikiwa kwenye 11, rudi 15. Habu isikae juu ya ruta, isogezeni mita moja au mbili. Wanaotumia kidongo cha USB (redio ya Zigbee ya kuchomeka) kwenye kompyuta wakipe waya wa kurefusha, kwa sababu milango ya USB 3.0 inatoa kelele kwenye masafa hayohayo.

Kijana_Matter
Kwa nini asisubirie balbu za Matter tu? Inaongoza vifaa humo humo ndani ya nyumba, na imekuwepo tangu 2022.

DadaNyaya
Kaka, Matter ni lugha ya kuelewana kati ya vifaa. Redio ni suala jingine. Balbu ya Matter inaweza kuwa ya Wi-Fi, na hewa ya nyumba hiyo ikiwa mbovu nayo itapotea vilevile. Ukichukua ya Thread (redio nyingine ya vifaa vya nyumbani, si Wi-Fi) ni sawa, ila lazima uwe na kifaa cha kuunganisha Thread na mtandao wa nyumbani. Baadhi ya spika za sauti tayari zinacho ndani, soma maelezo ya spika yako.

FundiSaketi
Hapa hamjagusa jambo moja: nani anazima taa ukutani? Mtu akibonyeza swichi ya kawaida, balbu janja imekatiwa umeme, hakuna apu wala sauti itakayoiamsha. Kwenye Zigbee ni zaidi, maana anaondoa pia kituo walichokuwa wanapitia wengine. Kwa korido ya mama mimi nasema swichi janja. Mtandao ukifa, anabonyeza kama alivyozoea na taa inawaka. Unachopoteza ni rangi.

Sharti: angalia kama kuna nyutro (waya unaorudisha umeme) kwenye kisanduku cha swichi. Nyumba nyingi za zamani zina laivu (waya unaoleta umeme) na waya wa kwenda kwenye taa tu. Zima umeme kwenye swichi kuu, fungua, na usiamini rangi ya waya, pima. Zipo swichi zisizohitaji nyutro, lakini zinapitisha umeme kidogo kwenye taa muda wote, na LED za wati chache huweza kumeta zikiwa zimezimwa.

Mwanga_wa_Jioni
Nimejaribu. Jioni balbu zinazogoma hazimo kabisa kwenye orodha ya ruta. Nimetenganisha majina na kufunga chaneli, zimetulia. Imebaki ya korido: kwenye apu inawaka, kwa sauti inagoma.

Mlezi_wa_Habu
Angalia majina. Balbu ikiitwa "Korido" na chumba kikaitwa "Korido", spika inababaika. Futa pia kifaa cha zamani kilichobaki kwenye akaunti ya spika baada ya kuunganisha upya.

Mwanga_wa_Jioni
Kweli, zilikuwemo "Korido" mbili na moja ilikuwa ya balbu iliyokwisha kuondolewa. Nimeifuta, sasa inaitika. Vyumbani nabaki na Wi-Fi. Korido naweka swichi. Nimefungua kisanduku, nyutro ipo. FundiSaketi, balbu janja iliyopo naweza kuiacha humo?

FundiSaketi
Itoe, weka LED ya kawaida. Ukiacha zote mbili, swichi ikizima tu balbu inapotea hewani, umerudi kwenye tatizo lile lile. Na soma swichi inafanya nini umeme ukikatika na kurudi. Chagua "hali ya mwisho", ili taa ya mama isibaki imezimwa katikati ya usiku.