Naomba ushauri: kaka ameacha dawa, mama amechoka

Habari zenu ndugu zangu. Niko Ngamiani, Tanga. Kaka yangu ana skizofrenia, ule ugonjwa wa akili wa kusikia sauti, mwaka wa 6 huu. Alikuwa ametulia kabisa, anauza machungwa, mpaka alipoacha vidonge kimyakimya. Juzi nimevikuta ndani ya foronya, vimelowa jasho. Sasa halali. Usiku anazunguka uani akijibizana na sauti, na mama anakaa mlangoni na kitochi mpaka adhana ya alfajiri. Majirani wanasema ni majini, apelekwe kwa mganga. Mimi sitaki afungwe kamba tena.

Najua ipo sindano ya kila mwezi badala ya vidonge. Mliouguza, mlimbembelezaje mtu wenu akakubali? Na kuna aliyempeleka ndugu yake Lutindi, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Korogwe? Mama naye ameanza kukonda.