Mbona seli muuaji haijitoboi yenyewe?

Binti_Likoni: Asalaam aleikum wenzangu. Niko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Mwalimu katwambia seli T, yaani seli muuaji ya kinga ya mwili, ikikuta seli iliyoingiwa na virusi huimwagia protini, perforini, ikatoboka ikafa. Nikauliza: seli zenyewe zimegandana, mbona mtoboaji hatoboki? Darasa zima likacheka, kipindi kikaisha. Nimevuka feri nzima nalo.

Fundi_Mwembe_Tayari: Mimi nachomelea mageti, dadangu, sijui seli. Lakini sichomelei bila kioo cheusi. Nayo lazima ina chake.

Maabara_Usiku: Fundi hayuko mbali. Ila hilo la "ikatoboka ikafa" limerukia mbele. Tundu ni mlango tu. Perforini hukaa kwenye vifuko vyenye tindikali ndani ya muuaji, imelala. Adui akishatambuliwa, vifuko vyasogezwa mpaka pale seli zinapogusana, vikamwagwa hapo hapo. Nje ikikutana na kalsiamu, perforini hujibandika kwenye utando wa adui na kujipanga duara, vipande 20 hivi, kama mbao za pipa. Ndipo granzimu, vimeng'enya vya muuaji, zikapita. Hizo ndizo wauaji hasa: granzimu B hukata kaspasi, vimeng'enya vya kujiua vya adui mwenyewe, na kuziamsha, nazo huimaliza seli kutoka ndani. Haipasuki ovyo, yakatika vifurushi vifurushi, makrofaji, seli walaji, zikala.

Kioo sasa: mafuta ya utando wa muuaji yamebanana mno, perforini haipati pa kushika. Inayofaulu kushika hukuta fosfatidilserini, aina ya mafuta ya utando yenye chaji hasi, ikanasa pale bila kuunda tundu.

Binti_Likoni: Shukran sana! Na malaria je? Mvua za Mei zilinilaza wiki nzima. Hizi seli T zilikuwa wapi?

Maabara_Usiku: Pole. Zilikuwapo, ila hazioni. Seli T husoma vipande vya protini vinavyoanikwa juu ya seli na MHC daraja la kwanza, protini za kuonyeshea kilichomo ndani. Kugundua kwamba seli T haitambui adui bila MHC ndiko kulikowapa Peter Doherty na Rolf Zinkernagel Nobel ya 1996. Seli nyekundu iliyokomaa haina kiini, na MHC hiyo ni kama haina. Kimelea kimejificha kwenye nyumba isiyo na dirisha. Cha kuwahi ni kile kilicho bado kwenye ini, wiki ya kwanza hivi, kabla hata hujahisi homa.

Fundi_Mwembe_Tayari: Kumbe mafuta! Mimi nikidhani chuma.

Maabara_Usiku: Haya, slaidi za wodi ya watoto zimefika. Baadaye.