Deki ya Approach of the Second Sun: nakwama kati ya ya kwanza na ya pili

MkoroshoNewala: Wakuu, salaam kutoka Mtwara. Naunda deki ya Magic: The Gathering (mchezo wa kadi) ya kadi 60, nyeupe na bluu, kazi yake kuzima (kufuta kadi ya mpinzani anapoicheza) na kufagia (kuua viumbe vyote mezani) tu, haina kiumbe hata mmoja. Ushindi ni Approach of the Second Sun: ukiicheza mara ya kwanza unapata uhai 7 na kadi inarudi kwenye maktaba (rundo unalovuta kadi), ya saba kutoka juu, ukiicheza tena kutoka mkononi, umeshinda. Nina Approach 4, ardhi 24, za kufagia 8, za kuzima 10, za kuvuta 6, za kuondoa kiumbe mmoja mmoja 8. Ya kwanza inapita, halafu zamu sita nzima siifikii na meza ya mpinzani inajaa. Nipunguze wapi?

BiShangani: Kaka, umeweka askari wengi na wabebaji wachache. Ukiwa wa pili kuanza, kufikia zamu ya 7 umeona kadi 14. Kwa ardhi 24 hapo ni tano au sita, na Approach inataka mana 7 (mana ndiyo malipo ya kadi, ardhi moja hutoa moja kwa zamu). Jaribu hivi: Approach 3, ardhi 27, kufagia 6, kuzima 8, kuvuta 11, kuondoa 5.

Sasa hesabu ya kuchimba, ndiyo roho ya deki hii. Baada ya ya kwanza kuna kadi 6 juu yake. Opt inakuchungulisha kadi ya juu: ipeleke chini, kisha vuta. Umesogea hatua mbili kwa mana 1. Glimmer of Genius kwa mana 4 unachungulia mbili na kuvuta mbili. Ukizishusha zote chini ni hatua nne. Kwa hiyo ukicheza Approach zamu ya 7, zamu ya 8 vuta kadi yako (1) na usitumie mana yoyote. Katika zamu ya mpinzani cheza Glimmer (4) na Opt (2). Jumla saba, Approach iko mkononi, na zamu ya 9 unamaliza. Ukiwa na ardhi 8, hapo umetumia mana 5 tu, na 3 zinabaki za kuzima.

Weka komwe saba za bao kando ya maktaba, ondoa moja kwa kila kadi inayotoka juu, hata ile iliyoshushwa chini. Watu hukosea hapo hapo: wanahesabu walizovuta tu.

Na usiicheze ya kwanza juu ya meza iliyojaa. Uhai 7 ni zamu moja ya kupumua, basi. Fagia kwanza, Fumigate inakupa na uhai 1 kwa kila kiumbe kilichokufa.

KilwaKipanga: Nakubaliana na dada isipokuwa kwenye Approach 3. Kuiona walau moja katika kadi 14 ni asilimia 56; zikiwa 4 ni 67. Tena dhidi ya deki ya bluu, ya kwanza ikizimwa inaenda kaburini (rundo la kadi zilizokwisha kutumika), hakuna uhai wala kurudi maktaba. Inahesabika umeicheza, lakini unahitaji nakala nyingine. Ya nne ipate nafasi kwa kutoa kadi moja ya kuondoa. Ya pili lazima ipite, kwa hiyo subiri ardhi 9: saba zake, mbili za Counterspell.

Toa pia Evolving Wilds zote, zile ardhi unazovunja ili utafute ardhi nyingine maktabani. Ukiivunja baada ya ya kwanza unachanga maktaba, na hesabu yote imekwenda.

MkoroshoNewala: Asanteni sana. Je, mpinzani akinivunjia ardhi kwa Ghost Quarter?

KilwaKipanga: Kutafuta ardhi ya fidia maktabani ni hiari yako, kataa na maktaba haichangwi. Ya kuogopa ni Field of Ruin: kila mchezaji anatafuta ardhi na kuchanga, utake usitake. Ukiona ameiweka mezani, ilazimishe ivunjwe kabla ya Approach, au shika nakala mbili mkononi uzicheze zamu mbili mfululizo bila kuchimba.

Mikindani_B: Nyongeza ndogo. Unyevu wetu wa pwani unapindisha kadi za kung'aa (foil). Approach ikiwa ya kung'aa peke yake, itaonekana kwa ubavu ndani ya maktaba, na hiyo ni kadi yenye alama, kosa kwenye mashindano. Tumia za kawaida tupu, vifuko vya aina moja, na ukibadilisha kimoja kilichochanika badilisha vyote 60.

Raundi ni dakika 50, na deki hii ni ya taratibu. Mchezo wa kwanza ukiona umeshapotea, salimu amri mapema upate muda wa miwili iliyobaki.