Vyombo vya wageni: kauri nyeupe, kauri ya mifupa au seti ya sanduku?

Mama wa Ngamiani (Tanga)

Assalaam aleikum, ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu vyombo vya wageni, kwa kuwa nimekwisha kutenga fedha na sitaki kurudia kosa la nilipoolewa. Wakati ule nililetewa seti ya sanduku ya vipande 72, yenye maua ya waridi na ukingo wa dhahabu. Miaka sita baadaye sahani kubwa zilikuwa zimebaki tisa, visahani vya chai vilikuwa vingi kuliko vikombe vyake, na ile dhahabu ilikuwa imefutika kote kulikopita stilwaya. Nilizunguka maduka kadhaa kutafuta sahani tatu za kujazia, nikaambiwa kila mahali kwamba maua yale hayaletwi tena.

Ramadhani iliyopita nilifuturisha watu kumi na wanne, nikalazimika kuazima kwa jirani, na kwa bahati mbaya mama mkwe ndiye aliyepakuliwa kwenye sahani ya plastiki. Hakusema neno, lakini mimi niliiona.

Kwa kawaida wageni wangu ni kumi na wawili, wengine hula kwa mkono na wengine kwa kijiko. Muuzaji ananisukumia kauri ya mifupa, nami sijui ni mifupa ya nini. Aidha, dada yangu aliyeko Maskati ameniahidi jagi la kristali na bilauri zake. Je, nipokee?

Mhudumu Mstaafu (Unguja)

Waaleikum salaam, dada. Nilihudumu katika ukumbi wa chakula wa hoteli moja hapa Unguja kwa miaka 19, na neno langu la kwanza ni kwamba uachane na seti za sanduku, ununue sahani nyeupe zinazouzwa moja moja. Hoteli hazitumii sahani nyeupe kwa kukosa jicho la urembo. Huzitumia kwa sababu sahani haziishi kwa usawa: ile ya kulia wali huvunjika mara nyingi kuliko kibakuli cha sukari, na anayenunua sanduku hulipia vibakuli vya sukari asivyovihitaji ili apate sahani asizoweza kuzirudishia. Kwa wageni kumi na wawili nunua kumi na sita, na andika mahali jina la kiwanda lililopigwa mhuri mgongoni.

Ukifika dukani, igeuze sahani juu chini. Ile pete inayokaa mezani huachwa bila utando wa kioo ili sahani isigandie ndani ya tanuri, kwa hiyo ipitishie kidole. Ikikwaruza kama msasa, jua kwamba kila utakapozirundika itaichora iliyo chini yake. Rundika sita kwenye kaunta uinamishe macho yako usawa wa rundo, utaiona iliyopinda. Kisha ibebe moja kwenye ncha za vidole na uigonge kwa ukucha: iliyo nzima hulia kama kengele, na yenye ufa hutoa sauti butu hata kama ufa wenyewe hauonekani.

Umbo nalo usilidharau. Zile sahani za kisasa zilizo bapa kama mfuniko wa sufuria hupendeza pichani, lakini anayekula kwa mkono huhitaji ukingo wa kulikazia tonge, la sivyo nusu ya biriani huishia kwenye kitambaa cha meza. Tafuta ya sentimita 25 hadi 27 yenye ukingo ulioinuka kidogo, na upime kabati lako kabla ya kutoka nyumbani. Uangalie pia manjano ya mchuzi. Kauri ya kweli huchomwa kwa joto la nyuzi 1,300 hivi au zaidi, hivyo hainywi maji. Vyombo vya udongo vya moto mdogo hunywa, na utando wake unapopata nyufa nyembamba kama unywele, kila ufa hubeba manjano na mafuta ya samli mpaka sahani inafanana na ramani.

Kuhusu bilauri, wengi hudhani kwamba nene ndiyo imara. Kwa kuanguka, huenda. Kwa chai ya moto, sivyo. Niliwahi kumwona mhudumu mgeni akimimina chai ya tangawizi katika glasi nene aliyoitoa kwenye jokofu. Kitako kiliachia kizima, mviringo kama sarafu, chai ikamwagika yote mezani, naye akabaki ameshika mkononi kitu kama bomba. Kioo kinene hupata joto upande wa ndani kabla ya nje, na kule kuvutana ndiko kunakokipasua, ilhali kile chembamba cha istikana, yaani bilauri ndogo ya chai, hupata joto pande zote karibu kwa pamoja. Kwa maji na juisi, chukua glasi nyoofu zisizo na mguu. Glasi za mguu waachie wenye mashine ya kuoshea na subira.

Mchunguzi wa Vikombe (Mombasa)

Dada, hiyo kauri ya mifupa ni chombo cha Kiingereza. Iliboreshwa na Josiah Spode huko Stoke-on-Trent mwishoni mwa karne ya 18, na kanuni yake ya jadi ni karibu nusu majivu ya mifupa, zilizobaki zikiwa udongo mweupe na jiwe la Cornwall. Majivu hayo ndiyo huipa weupe wa maziwa na wembamba ule unaokuwezesha kukiona kivuli cha vidole vyako ukiinyanyua kwenye mwanga. Si kweli kwamba wembamba huo ni udhaifu. Ni imara kuliko inavyoonekana.

Mifupa inayotumika kwa kawaida ni ya ng'ombe, lakini jinsi ng'ombe huyo alivyochinjwa haiandikwi mgongoni mwa kikombe. Hapo ndipo wanazuoni wanapotofautiana: wapo wanaosema, hasa Wahanafi, kwamba kitu kikigeuka kuwa majivu hubadilika hukumu yake, na wapo katika madhehebu yetu ya Shafi wanaolikaza jambo hilo. Muulize sheikh wako badala ya muuzaji. Binafsi sikutaka mashaka, nikachukua kauri ya kawaida. Kauri za Kichina ambazo wazee wetu walizipanga kwenye zidaka za ukutani huko Lamu na kuzipachika kwenye nguzo za makaburi ya Kunduchi hazikuwa na mfupa hata chembe, na hakuna aliyewahi kuziita duni.

Mwalimu wa Kemia (Morogoro)

Naongeza la kristali tu. Kristali ya jadi hupata uzito na mng'ao wake kutokana na madini ya risasi, ambayo ni sumu, na kwa kanuni za Ulaya ile inayoitwa kristali ya risasi huwa na oksidi ya risasi isiyopungua asilimia 24. Kunywea mara moja moja si tatizo kubwa kwa mtu mzima, bali kuhifadhia kinywaji humo ndiko kubaya, hasa chenye uchachu: juisi ya ukwaju ikilala ndani ya jagi hilo huichomoa risasi kidogo kidogo. Mwulize dada yako kama kwenye sanduku imeandikwa kwamba haina risasi, kwani siku hizi nyingi hutengenezwa bila hiyo. Mtoto na mjamzito wasinywee yenye risasi.

Bi Mkubwa (Pangani)

Mwanangu, futari ya watu kumi na wawili ni sinia tatu, wanne wanne. Sahani ni za mezani na kwa wageni wa kazini. Nunua sinia nzuri na kawa zake, uone kama mkwe atakumbuka plastiki.

Mama wa Ngamiani (Tanga)

Shikamoo Bi Mkubwa, na ahsanteni nyote. Sinia tatu nimezinunua jana. Dada nimempigia, akasoma sanduku, hakuona popote palipoandikwa kuhusu risasi, kwa hiyo nimemwomba abadilishe anipe finjani za kahawa, naye hakukasirika.

Kwenye sahani nilifanya kama alivyosema kaka wa Unguja. Muuzaji alinikodolea macho nilipoanza kugonga moja baada ya nyingine, mpaka ya tisa ilipotoa sauti butu. Aliichukua, akaigonga mwenyewe mara mbili, akaipeleka nyuma ya duka bila kusema kitu. Nimechukua kumi na sita nyeupe za sentimita 25, kwa sababu nilipopima kabati niligundua kwamba za 27 zingeuzuia mlango kufunga.