Kwa nini uigaji unatoa migongano mingi kuliko modeli ya Bianchi?

Swali

Salaam, wanajukwaa. Ninaiga kwa kompyuta vifaa viwili vya Wi-Fi ya 802.11a vinavyotuma data kwa ruta moja iliyo katikati yao, vyote vikiwa na fremu (vifurushi vya data) za kutuma wakati wote. Kwa modeli ya Bianchi ya mwaka 2000 (fomula ya kukadiria migongano ya vifaa vya Wi-Fi), nikianza na dirisha la sloti 16 (vipande vifupi vya muda ambamo kifaa huchagua kwa bahati nasibu muda wa kusubiri kabla ya kutuma) linaloweza kuongezeka maradufu hadi mara 6, uwezekano wa mgongano, yaani fremu mbili kuharibiana kwa kutumwa pamoja, unakuwa takriban asilimia 10. Hata hivyo, ninapovisogeza vifaa mbali na ruta, uigaji unatoa migongano mingi mno, ilhali ruta bado inavipata vyote viwili vizuri. Je, kasoro iko kwenye fomula au kwenye namna ninavyoeleza usikilizaji wa chaneli?

Jibu la 1

Fomula ni sahihi, ila hapo umeitoa nje ya mipaka yake. Bianchi anachukulia kwamba vifaa vyote vinasikiana, hivyo mgongano hutokea tu vinapoanza kutuma katika sloti ileile. Vyako vimefika mahali ambapo havisikiani, tatizo ambalo Tobagi na Kleinrock walilichambua tangu mwaka 1975. Piga hesabu: fremu ya baiti 1500 kwa kasi ya megabiti 6 kwa sekunde huchukua zaidi kidogo ya mikrosekunde 2000, ilhali sloti 15 za mikrosekunde 9 ni 135 tu. Kifaa cha pili, kikidhani chaneli iko wazi, kitamaliza kuhesabu na kuanza kutuma kabla fremu ya kwanza haijafika hata robo.

Jibu la 2

Naongezea kwamba kusikia si suala la ndiyo au hapana. Kwa chaneli ya megahezi 20, kifaa hutakiwa kutambua mwanzo wa fremu ya Wi-Fi kuanzia dBm -82 (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokuwa hasi zaidi, ndivyo mawimbi yalivyo hafifu), lakini kikiukosa mwanzo huo, pengine kwa kuwa chenyewe kilikuwa kikituma, kinabaki kutegemea nishati tupu ya mawimbi bila kujua ni fremu, ambayo kizingiti chake ni dBm -62. Tofauti hiyo ya desibeli 20 ni kubwa, na wanaochora duara moja la usikivu kuzunguka kila kifaa (mazoea ambayo binafsi siyapendi) huipoteza yote.

Mwulizaji

Ahsanteni. Nimeangalia: vifaa vinapokeana kwa dBm -88. Nikiwasha RTS na CTS (ombi fupi la kutuma na ruhusa ambayo ruta hujibu), fomula itafaa tena?

Jibu la 1

Si kikamilifu. CTS ya ruta itamnyamazisha asiyemsikia mwenzake, lakini RTS yenyewe kwa megabiti 6 huchukua mikrosekunde 52, karibu sloti 6, na muda wote huo kifaa cha pili kinaweza kuanza RTS yake. Migongano itapungua na itagharimu muda mfupi zaidi, ila dhana ya sloti moja haitarudi. Weka jedwali la nani anamsikia nani, kwa pande zote mbili maana nguvu za kutuma zaweza kutofautiana, kisha kwa kila jozi isiyosikiana ukokotoe uwezekano wa mgongano kwa urefu wa RTS badala ya sloti.