Tunaenda shule kujitolea na wahasibu wenzangu, mara ya mwisho watoto walilala. Tufanyeje?

Debiti_Kushoto:
Wakuu habari za jioni. Niko kwenye chama kidogo cha wahasibu hapa Moro, tuko kama kumi na mbili, wengine wana CPA, ile sifa ya mhasibu kamili, wengine bado wanapambana na mitihani, na kila baada ya miezi miwili tunatoka kwenda sekondari moja kuongea na wanafunzi, bure, nauli tunajichangia. Sasa mwezi uliopita tumeenda shule moja ya kata, mwenzetu kavaa suti na jua lile, kawasha projekta, umeme ukakatika dakika ya tano, jamaa akaendelea kuhutubia hivyo hivyo, NBAA, yaani bodi ya wahasibu, ilianzishwa kwa sheria ya 1972, sijui maadili ya taaluma, sijui viwango vya kimataifa, mpaka namuona dogo wa mbele kabisa kaegemea ukuta kalala mdomo wazi. Wakati wa maswali likaja moja tu: "Mshahara wenu shilingi ngapi?" Darasa zima likaamka. Tulicheka, ila njiani kurudi sikuwa na raha. Mwezi ujao tunarudi, form three na form four wanaosoma Book Keeping. Nyie mliowahi kufanya hizi kazi, au mliotembelewa mkiwa shule, nini kiliwashika? Na msiniambie tupeleke madaftari na kalamu, hilo tushafanya.

Binti_wa_Mizania:
Mkuu mbona hilo swali la mshahara ndio somo lenyewe na mlilikimbia. Sisi form six alikuja dada mmoja mhasibu akaandika ubaoni 1,000,000, akasema huu ni mshahara, nani anaenda nao nyumbani wote? Sote mikono juu. Akaanza kufyeka: NSSF, akiba ya uzeeni, asilimia 10, laki moja imeondoka. Inabaki laki tisa, hiyo ndo inakatwa PAYE, kodi ya mshahara, kwa vipande: ile 270,000 ya kwanza haiguswi, kipande kinachofuata asilimia 8, kingine 20, cha mwisho 25, jumla ikaja 103,000. Akasema na mimi nilisoma kwa mkopo, bodi ya mikopo inachukua asilimia 15 ya mshahara, 150,000. Ikabaki 647,000. Kuna kaka alipiga kelele "wezi haoooo!" dada akacheka akasema haya njoo nikuonyeshe kila shilingi imeenda wapi, ndio kazi yangu. Hakutuambia tusome uhasibu. Mimi sasa hivi niko mwaka wa pili.

Jirani_254:
Niaje watu wa Bongo. Huku Kenya watoto wanataka kujua kitu moja, lazima niende uni ndio niwe CPA? Ukiwaambia na C plus ya KCSE, mtihani wa form four, mtu anaweza jisajili KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu, moja kwa moja bila digrii, hapo utaona kalamu zinatoka. Lakini msiwauzie ndoto, kupita mitihani ya KASNEB ni kitu moja na kuwa memba wa ICPAK, chama cha wahasibu, ni kitu ingine. Kwenu iko aje?

Debiti_Kushoto:
@Jirani_254 kwetu pia ipo, wa form four anaweza kuanzia ATEC, ngazi ya chini ya mitihani pale NBAA, mitihani Mei na Novemba, halafu anapanda taratibu. Tulikuwa nayo kwenye slaidi ya 19. Umeme ulikatika kwenye ya 4 😅

Ticha_Urari:
Mimi ni mwalimu wa hilo somo, miaka mingi tu, nisikilize kwa makini. Wanafunzi wangu wanakariri debiti anayepokea krediti anayetoa, na urari (trial balance) wanaupatanisha vizuri kabisa, ila mwambie aweke hesabu za genge la mama yake anakutolea macho. Alikuja kijana mmoja wa kujitolea hapa, hana suti hana projekta, akauliza nani mama yake anauza kitu. Binti mmoja akasema mama anapika maandazi, kila siku anapata faida elfu kumi na nne. Kijana akamwambia basi kesho njoo na kila kitu anachonunua mama. Kesho yake binti kaja na karatasi ya kufungia sukari kaandika nyuma yake: unga kilo 4 elfu nane, sukari elfu tatu, mafuta lita moja elfu sita, mkaa elfu mbili. Maandazi 110 kwa mia mbili mbili, elfu ishirini na mbili. Kumbe mama alikuwa anatoa hela ya unga tu! Ukitoa vyote faida ni elfu tatu. Darasa kimya. Kijana akauliza, na hizo elfu tatu ziko wapi? Binti akafikiri weeee, akasema majirani walichukua maandazi kumi na tano wakasema watalipa kesho. Kumi na tano mara mia mbili ni ngapi? Elfu tatu. Yaani faida ipo na hela haipo, siku hiyo hiyo, na mimi hilo nilikuwa nalifundisha muhula mzima kwa Kiingereza haliingii. Kwa hiyo acheni slaidi nyumbani. Njooni siku mbili mfululizo, hiyo ndo siri, siku moja haitoshi kwa sababu karatasi inatoka nyumbani usiku.

Debiti_Kushoto:
Mwalimu umeniua. Siku mbili tutajipanga, wawili wetu wameajiriwa itabidi waombe ruhusa ila tutaona. Suti marufuku. Binti_wa_Mizania na hilo la mshahara tunalichukua, siku ya kwanza tunaanza nalo. Swali moja Ticha, yule mama wa maandazi aliishia wapi, alipandisha bei?

Ticha_Urari:
Alipandisha? Hapana, alipunguza ukubwa wa maandazi, watu wakanung'unika wiki moja wakazoea.

Binti_wa_Mizania:
Na wale majirani walilipa?

Ticha_Urari:
Elfu mbili ililipwa. Mwenye maandazi matano alihama.

Debiti_Kushoto:
Basi madeni chechefu, yale yasiyolipika, ndio somo la siku ya pili.