Mjadala: Mita 100 kutoka Bunge, tuandamane wapi sasa?

Mkaazi wa Umoja: Ule mswada wa 2025 wa Esther Passaris, mwakilishi wa wanawake wa Nairobi bungeni, unataka tusiandamane ndani ya mita 100 kutoka Bunge, mahakama na yale maeneo yanayolindwa, ukishikwa ni faini hadi shilingi 100,000 au miezi 3 ndani au vyote viwili. Kifungu 37 cha Katiba kinaniruhusu kuandamana na kupelekea wakubwa malalamishi. Sasa nikipigia kelele mtaa wa pili nani atanisikia?

Fundi Luthuli: Mita 100 ni kidogo, wangeweka elfu. 25 Juni 2024 si watu waliingia Bunge wakachoma? Jioni nyinyi mnaenda kulala, sisi wa dukani ndio tunafagia vioo. Watoto hawana kazi, wametumwa tu.

Mama Wawili: Nani ametumwa? Msichana wangu alitoka hapa na bendera na chupa ya maji, akarudi usiku na kiatu kimoja, macho yamefura na sauti imekauka. Hakulipwa hata nauli. Alienda kwa sababu ya ule Mswada wa Fedha wa kuongeza ushuru, na kesho yake Rais mwenyewe akasema hatautia sahihi. Tafadhali futa hilo neno.

Fundi Luthuli: Sikumtaja mtoto wako mama. Lakini kiatu ni nini? Mimi walifunga kamba kwa grili ya duka langu wakaivuta na pikipiki mpaka ikang'oka na saruji yake, wakabeba simu 11 za wateja zilizoletwa kutengenezwa.

Wakili wa Mtaani: Pole fundi, lakini huo ni wizi na sheria ya wizi iko. Na Bunge likitangazwa eneo linalolindwa, kuingia bila ruhusa tayari ni kosa, Cap 204, ile Sheria ya Maeneo Yanayolindwa, ni ya zamani sana. Mita 100 ni za mtu ambaye HAJAINGIA, amesimama nje barabarani na bango lake. Halafu tembea pale katikati ya mji uone, Bunge, Mahakama ya Juu, City Hall, Harambee House ya ofisi ya Rais, zote zimebanana. Chora duara kwa kila moja uniambie mguu utauweka wapi.

Kijana wa Leicester: Hata huku Uingereza Bunge lina kilomita moja, huwezi kuandamana.

Wakili wa Mtaani: Sheria ya 2005 hiyo unasema, na ilikuwa ya kuomba kibali, haikuwa marufuku. Wakaifuta 2011. Brian Haw, mwanaharakati wao wa kupinga vita, alipiga kambi mbele ya Bunge lao tangu 2001, karibu miaka kumi.

Kijana wa Leicester: Sawa, lakini hakurusha mawe.

Mama Wawili: Na wangu alirusha? Mbona kila mtu anaongea kama alikuwa na mkono wa msichana wangu?

Mkaazi wa Umoja: Jamani turudi kwa swali.

Fundi Luthuli: Swali ni simu zangu. Ngoja niseme yenye inaniuma. Siku hiyo askari walikuwa wengi sana upande wa Bunge, huku kwetu hakukuwa na hata mmoja, nilipiga simu mpaka kredo ikaisha. Mwaka uliofuata wakazungushia Bunge seng'enge, mtaa wetu ukabaki hivyo hivyo.

Wakili wa Mtaani: Sasa unaona? Hizo mita 100 zinalinda nani?

Fundi Luthuli: Usinibebe kwa upande wako wakili. Mimi bado sitaki maandamano mjini. Nasema tu jengo lina walinzi na mimi sina.

Mama Wawili: Fundi, hapo kwa "wametumwa" bado sijasikia.

Fundi Luthuli: Haya mama. Wako hakutumwa. Waliokuja na kamba ndio walitumwa.

Mama Wawili: Asante. Na wenye simu uliwalipa?

Fundi Luthuli: Nalipa pole pole. Wamebaki watatu.